Unataka Nikusimulie Askari Yupi?

Wiki ya pili ya Aprili 2003 nilikuwa nafundisha Historia Kidato cha Nne, katika shule moja ya bweni mkoani Kagera. Usiku uliotangulia wanafunzi walikuwa wameona kwenye televisheni ya bwalo sanamu ya Saddam Hussein ikivutwa chini mjini Baghdad. Asubuhi hakuna aliyekuwa na hamu na somo la siku. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akasimama. Darasani tulitakiwa kuongea Kiingereza. Alipoanza kwa Kiswahili nilijua swali limemkaa rohoni.

"Madamu, sisi tulipoingia Kampala tulikuwa kama hawa Wamarekani, au tulikuwa watu wengine?"

Nilimjibu papo hapo, kwa sentensi tatu. Sisi tulichokozwa kwanza. Amin alikuwa Hitler wa Afrika. Na kazi ilipokwisha tulirudi kwetu. Kengele ikalia, wakatoka kwenda kunywa uji.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, Baghdad tarehe 9 Aprili 2003: miaka 24 kasoro siku mbili. Nadhani ukaribu wa tarehe ndio uliomsukuma yule kijana. Sasa nimestaafu, naye lazima ana watoto wake, na jibu nililompa bado linanisumbua. Kila sentensi ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilichokosea ni kuamini kwamba ukishapanga mifano mitatu mstarini umeshapata hukumu. Mimi hasa sikupaswa kukosea hivyo, kwa sababu nyumbani kwetu mfano wa kihistoria uliwahi kutugharimu mtu.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa vilimani juu ya mji wa Bukoba, enzi za Wajerumani. Juni 1915 alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka kaskazini ya mji, wakapigana na Wajerumani siku mbili. Walikuwa wamefuata kitu mahususi: ngome, na mlingoti wa simu ya upepo ambao Wajerumani waliutumia kupeleka habari. Wakaangusha mlingoti, wakabomoa ngome, kisha askari wakaachiwa mji. Waliingia maduka na nyumba, wakabeba walichoweza, wakarudi melini. Familia ya bibi ilijificha migombani, na siku ya tatu ikarudi kwake ikakuta nyumba imesimama. Maisha yake yote bibi aliposikia habari ya jeshi la watu wa mbali alisema neno moja: siku tatu.

Aliolewa upande wa pili wa mto Kagera, huku Bunazi, na huko ndiko nilikozaliwa. Eneo letu ni kipande cha Tanzania kilichobaki kaskazini ya mto kwa sababu mwaka 1890, huko Ulaya, Waingereza na Wajerumani walichora mpaka kwenye nyuzi moja kusini ya ikweta bila kuujali mto unapopita. Idi Amin alisema mto ndio mpaka wa haki. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia kwa wingi kupitia Mutukula. Nilikuwa na miaka 12. Nakumbuka majirani wakipita na magodoro kichwani, baiskeli zimefungwa kuku kwenye keria, na baba amesimama mlangoni hajui la kufanya. Bibi akamwambia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona: "Watachukua vitu, wataondoka. Siku tatu." Baba hakuwa mtu wa kumpinga mama yake. Tukakaa migombani usiku wa kwanza, tukakaa usiku wa pili.

Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni sasa ni ya Uganda. Askari wake walikuwa wameshafika darajani Kyaka, kwa hiyo njia ya barabara ilikuwa imefungwa. Tulivuka usiku kwa mtumbwi wa wavuvi, watu sita, mama amemziba mdogo wangu mdomo kwa kanga. Babu alikataa kuacha ng'ombe wake wanne. Alisema atafuata asubuhi. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa kwa baruti. Hatukumwona tena. Tuliporudi baada ya adui kusukumwa nje, hakukuwa na ng'ombe, hakukuwa na mabati juu ya nyumba, na hakuna aliyeweza kutuonyesha kaburi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema wananchi wapatao 1,500 waliuawa katika wiki zile chache. Katika hesabu hiyo ninamweka na babu.

Bibi aliishi hadi 1984 na hakutamka tena neno "siku tatu". Simlaumu. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu pekee wa nyumba yetu aliyewahi kuona mji ukiingiliwa na jeshi geni, na alitupa alichonacho. Milio ilifanana, wizi ulifanana, hata njia ya kujificha ilifanana. Lakini jeshi la 1915 lilifuata mlingoti, na la 1978 lilifuata ardhi yenyewe. Anayefuata mlingoti huondoka ukianguka.

Niwarudishe sasa kwenye sentensi zangu tatu, kuanzia na ile ya Hitler, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Amin mwenyewe ndiye aliyejitafutia mfano huo: Septemba 1972 alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Radio Tanzania ilimwita nduli, ilimwita fashisti, na sisi watoto wa wakimbizi tulicheza mchezo wa kumkamata. Sikatai kwamba mfano ulistahili kwa upande wa ukatili. Waganda walioteswa na vyombo vyake hawahitaji mimi niwathibitishie.

Lakini mfano unapoingia nyumbani hauji peke yake. Ukishasema Hitler, umeshasema pia kwamba haitoshi kumrudisha adui mpakani. Lazima ufike kwenye mji wake mkuu. Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa na kusema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, kazi aliyoitangaza ilikuwa kumtoa mvamizi. Njia ya Kampala ilifunguka hatua kwa hatua: Januari 1979 Mutukula, ili mizinga isitupige kutoka mwinuko ule, Februari Masaka na Mbarara, kwa matumaini kwamba Waganda wenyewe wangemalizia, Machi, pale Lukaya, kukawa na askari wa Libya mbele yetu na vita vimeshakuwa vingine. Ukisimulia habari hii kama Berlin ya 1945, hatua hizi zote zinayeyuka, unabaki na mshale mmoja ulionyooka kutoka Kyaka hadi Kampala. Haukuwepo mshale huo. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiamua wiki kwa wiki.

Na baada ya Berlin huja kitu kingine ambacho Februari 2003 Rais George W. Bush alikitegemea alipoitetea safari ya Iraki: kwamba Marekani ilipowashinda maadui wake wa 1945 haikuwaachia majeshi ya kuwakalia bali katiba na mabunge. Nilisikia hoja kama hiyo kwetu pia, kwa maneno mengine: tuliwakomboa, tukawapa uchaguzi. Hebu tuiangalie Ujerumani jinsi ilivyokuwa. Tarehe 5 Juni 1945 mataifa manne yaliyoshinda yalitangaza wazi kwamba mamlaka ya juu kabisa ya nchi ile ni yao. Japani ilikaliwa hadi Aprili 1952. Mshindi alisema: mimi ndiye serikali, nilaumu mimi. Tanzania ilifanya kinyume. Kati ya tarehe 24 na 26 Machi 1979, kabla Kampala haijaanguka, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutanishwa Moshi wakaunda chama cha pamoja, wakamchagua Yusuf Lule. Tarehe 13 Aprili akaapishwa. Kwa karatasi, hakuna hata siku moja ambayo Uganda ilitawaliwa na Tanzania.

Nilipenda sana jambo hilo, na hata leo naona ndani yake heshima ya kweli kwa jirani. Ila Kanuni za Hague za 1907, ambazo ndizo msingi wa sheria ya nchi iliyokaliwa na jeshi geni, haziulizi karatasi inasema nini. Zinauliza mamlaka halisi yako mkononi mwa jeshi la nani. Juni 20, 1979, baraza la chama kile cha Moshi lilimwondoa Lule baada ya siku 68. Watu wa Kampala waliandamana wakimtaka arudi, na waliosimama na bunduki mbele yao walikuwa vijana wetu. Lule mwenyewe akajikuta Dar es Salaam. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 tume ya kijeshi ya Paulo Muwanga ikampindua Binaisa, na safari hii askari wetu, waliokuwa na uwezo wa kuzuia, walibaki kambini. Mara ya kwanza tulilaumiwa kwa kutia mkono, mara ya pili kwa kuuondoa. Jenerali wa Kimarekani pale Tokyo hakuwahi kupata tatizo la namna hii, kwa sababu hakujifanya mgeni. Jeshi linalosema "nchi ni yenu" huku likiwa ndilo pekee lenye nguvu, hata kutulia kwake ni uamuzi wa kisiasa.

Kuna na suala la tumbo, ambalo waandishi wa mambo ya vita hulipita haraka. Mmarekani aliingia Ujerumani akiwa ametoka nchi tajiri kuliko zote duniani; alikuwa na sigara na chokoleti za kugawa, na nyuma yake zikaja fedha za Mpango wa Marshall. Askari wetu alitoka kwenye foleni ya sabuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, vita vilikula fedha za kigeni, na Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, miezi ambayo kwa kweli haikuisha. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo. Alichukuliwa kama walivyochukuliwa maelfu ya mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, akapewa buti na bunduki, akatembea kwa miguu hadi Kampala. Aliniambia kitu kilichomshangaza kuliko mizinga ni madirisha ya maduka. Alikuwa amekuja kuwakomboa watu wenye vitu ambavyo yeye hajawahi kuvishika.

Alirudi 1980 na saa ya mkononi. Ilikuwa nzuri, yenye mkanda wa chuma. Mama alimwuliza ameinunua wapi, naye akasema amepewa. Hakuna aliyeuliza tena. Waganda wa umri wangu, ukiwataja askari wa Tanzania wa mwaka ule, mara nyingi watakutajia mambo mawili: Kiswahili chao cha adabu, na saa. Kiswahili kule kilikuwa lugha ya kambi na kituo cha ukaguzi. Walikizoea kama lugha ya kuamrishwa. Ghafla wakaja vijana wanaosema "ndugu", "mama", "tafadhali", "naomba maji". Na baadhi ya vijana haohao, jioni, wakasema "naomba saa". Mfano wa Ujerumani hauna mahali pa kuiweka saa ya baba mdogo. Mfano wa jeshi la wezi, ambao nao niliusikia Uganda, hauna mahali pa kuiweka "naomba maji".

Viongozi wenzake Mwalimu walikuwa na mfano wao. Julai 1979, kwenye mkutano wa wakuu wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, mjini Monrovia, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania. Hoja yao ilikuwa mizani iliyonyooka: Amin alivuka mpaka, Nyerere amevuka mpaka, kosa moja halifuti lingine. Tanzania iligawa kitabu cha kujitetea, ikikumbusha kwamba Kagera ilipovamiwa OAU haikulaani. Mimi niliyevuka mto kwa mtumbwi sikuweza kwa miaka mingi kuwasikiliza watu wa mizani hiyo bila hasira. Amin alitangaza ardhi yetu kuwa yake. Tanzania haikudai hata shamba moja la Uganda. Tofauti hiyo ni kubwa kama mto wenyewe. Lakini walikuwa wakiogopa kitu cha kweli. Walijua kwamba Afrika imejaa majirani wenye sababu nzuri, na kwamba mwingine atakayefuata atasema "mimi ni kama Nyerere". Miezi miwili baadaye, Septemba 1979, Ufaransa ilipeleka askari Bangui wakamwondoa Bokassa na kumrudisha David Dacko. Mfano wetu ulikuwa tayari umepata mtumiaji.

Wanasheria wanapenda kutupanga kwenye kundi la watatu: India iliyoingia Pakistan ya Mashariki Desemba 1971, Vietnam iliyoingia Kambodia Desemba 1978, na sisi. Hapo angalau ni nchi maskini zikiwaingilia majirani waliokuwa wakiua watu wao. Nilifundisha kundi hili kwa miaka, na nitakuambia mahali linapopasuka. India iliondoa jeshi lake Bangladesh Machi 1972, miezi mitatu tu baada ya ushindi. Sisi tulikaa Uganda hadi 1981. Vietnam ilikaa hadi 1989. Ukiangalia kalenda tu utasema India ilikuwa na nia njema, sisi nia ya kati, Vietnam nia mbaya. Lakini India iliwakuta watu wenye viongozi waliokwisha kuchaguliwa kwa kura nyingi Desemba 1970. Iliwakabidhi nchi wenyewe walioitaka. Vietnam ilikuwa na Khmer Rouge hai mpakani mwa Thailand, wanalindwa na kulishwa. Sisi tulikuwa na makundi ya Moshi, ambayo yalikubaliana juu ya jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limeshakimbilia Libya. Humo mlikuwa na Kikosi Maalum cha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, mlikuwa na FRONASA ya Museveni, na kila mmoja alikuwa anaandikisha askari wake huku anatabasamu na mwenzake.

Na hata kuhukumiwa kwetu hakukufanana. Serikali mpya ya Uganda ilitambuliwa upesi. Kiti cha Kambodia kwenye Umoja wa Mataifa kilibaki kwa wale waliofukuzwa, wauaji wenyewe, kwa sababu Vietnam ilikuwa rafiki wa Moscow na adui wa Beijing na Washington. Phnom Penh ilianguka Januari 7 na Kampala Aprili 11 ya mwaka uleule.

Yule kijana, ningeweza kumwita leo, ningemwambia pia kwamba swali lake la Baghdad halikuwa la kipuuzi. Mei 2003, wiki chache baada ya kuniuliza, Wamarekani walilivunja jeshi la Iraki kwa amri ya karatasi, na watu wenye bunduki wakarudi makwao bila mshahara. Uganda nako jeshi la Amin lilisambaratika. Ghala la silaha la Moroto liliporwa na Wakaramojong, na tangu hapo wizi wa ng'ombe kule ukawa vita vya bunduki. Askari wa Amin waliovukia Sudan na Zaire walirudi Oktoba 1980 kupigana West Nile. Matokeo yanafanana kama ndugu. Chanzo hakifanani: jeshi la Amin lilikimbia lenyewe, hakuna ofisa wetu aliyesaini kitu. Kwa hiyo mfano wa Baghdad unanisaidia kuuliza silaha zilikwenda wapi. Haunisaidii kumlaumu mtu.

West Nile hunikaba koo kila nikifika hapo. Ilikuwa nyumbani kwa Amin, na kama kuna mahali askari wa Kagera angetarajiwa kulipiza kisasi ni kule. Ilivyotokea, wenyeji wengi wa kule huwakumbuka Watanzania kama waliowazuia wenzao wa jeshi jipya la Uganda. Tulipoondoka, kizuizi kikaondoka. Juni 1981 askari wa jeshi hilo waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Sentensi yangu ya tatu, ile ya "kazi ilipokwisha tulirudi kwetu", niliisema darasani kwa fahari. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote huku wapinzani wakilia kwamba wameibiwa kura. Februari 1981 Museveni akaishambulia kambi ya Kabamba na kuingia msituni. Nasi tukawa tunafunga mizigo. Katika vipimo vyote vya ukaliaji wa kijeshi, kuondoka ni alama nzuri. Ningependa mtu aende Ombaci akaitamke alama hiyo kwa sauti.

Nimeacha Masaka mwisho kwa sababu ndiko nilikokwenda mwenyewe.

Dada yangu aliolewa huko 1994. Si ajabu, Wahaya na Waganda wa Buddu ni watu wa ndizi zilezile, na mpaka wa 1890 umekata koo katikati. Nilikwenda mara ya kwanza kumwona alipojifungua. Nilijua, kwa kusoma, kwamba Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari 1979, na kwamba askari wetu, wakiwa wameona Kagera ilivyofanywa, waliulipua mji kwa baruti jengo baada ya jengo. Kabla ya hapo Mutukula ilisawazishwa kwa matingatinga, na raia walioshindwa kukimbia waliuawa. Mwalimu aliposikia alisikitishwa, akaamuru raia na mali zao waachwe. Hata hivyo Masaka ikaja baada ya amri ile. Nilikuwa nimefundisha haya kwa mistari miwili ubaoni. Ubao hauonyeshi mtaa ambao miaka kumi na tano baadaye bado una mapengo, kuta nusu, ngazi zinazopanda kwenda hewani.

Mama mkwe wa dada yangu alikuwa mwanamke mwembamba, mshonaji. Alinipikia matoke, akanikalisha mkekani, akaniuliza habari za nyumbani kwetu. Nikamwambia kuhusu mto na mtumbwi. Akaweka sahani chini.

"Na babu yenu, nnyabo, mlimpata?"

Nikasema hapana. Alikaa kimya muda mrefu. Katika maisha yangu yote hakuna mtu wa upande ule wa mpaka aliyewahi kuniuliza. Kisha mimi, kwa sababu ni mwalimu na sijui kukaa kimya, nikamwomba anisimulie walivyokuwa askari wetu walipofika.

"Unataka nikusimulie askari yupi?" akasema. "Kulikuwa na mmoja aliyekuja mlangoni siku ya kwanza. Kijana sana. Alisema, mama, naomba maji. Nikampa. Akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Na kulikuwa na mmoja aliyekuja siku ya pili, wanatega baruti kwenye jengo letu. Chini lilikuwa duka la mume wangu, juu tunalala."

Nikamwomba anisimulie wote wawili.

"Yule wa baruti aliniambia nitoke, nyumba inapigwa. Nikamwambia cherehani yangu iko juu. Akapanda ngazi mwenyewe, akaishusha mgongoni, akaivusha barabara hadi chini ya mti. Akarudi kumalizia waya wake. Jengo likaanguka. Ndipo nilipomtambua. Alikuwa yuleyule wa maji."

Alinyanyuka, akaenda chumba cha pili, akafunua kitambaa. Cherehani ya Singer, ya mguu, nyeusi, maandishi ya dhahabu yamefutika upande ambao mkono hushika. Alikuwa ameanza kuitumia kushona kanzu ya mtoto wa dada yangu, na kitambaa bado kilikuwa chini ya sindano.